Aliyeomba Kupanda

Sauti iliyoomba ruhusa ilisema Kikiribati safi, cha mtu aliyezaliwa Betio, kisiwa chenye bandari ya mji mkuu wetu Tarawa, na katika meli ile nzima Mkiribati alikuwa mmoja tu, naye ndiye huyo Kourabi aliyekuwa akiombwa.

"Kourabi, unaruhusu tupande?"

Ilitokea kwenye redio ndogo iliyoning'inia begani mwake. Ilikuwa saa nne kasoro, asubuhi ya jua kali, bahari imetulia kama mafuta kwenye kikaango ambacho hakijapata moto. Kourabi alikuwa katika chumba cha usukani, darubini machoni, anaitazama meli ya kuvulia jodari waliyoisimamisha maili moja mbele yao. Akili yake yote ilikuwa huko. Akabonyeza redio bila kuiangalia, akajibu jibu lake la siku zote: "Naruhusu, kwa jina la Kiribati."

Nahodha akageuka. Alikuwa mwanamke wa makamo, Lindqvist jina lake, mkavu wa maneno. "Umemruhusu nani?" akauliza. "Mimi bado sijakuomba."

Doria hizi zina utaratibu wake, na asiyeujua ataona Kourabi aliteleza ulimi tu. Nchi yetu ni vipande vya matumbawe vilivyotawanyika katika bahari pana kuliko nchi nzima ya India, na wezi wa samaki wanakuja kutoka pembe zote za dunia. Boti yetu ya doria haiwezi kuwa kila mahali. Basi walinzi wa pwani wa nchi kubwa wakaafikiana nasi: wao walete meli, mafuta na vijana wenye bunduki, sisi tulete afisa mmoja na hiyo bahari yetu. Nguvu wanazo wao, lakini bila neno la afisa huyo hakuna mguu wa mgeni utakaokanyaga meli yoyote ndani ya maji yetu. Nahodha anaomba kwa redio, afisa anajibu, karani anaandika saa na dakika. Kourabi aliupenda utaratibu huo mpaka ukamvimbisha kichwa kidogo, tusimfiche. Mtu ambaye nyumbani anatumwa na mkewe kununua kibiriti, leo meli yenye helikopta inanguruma mahali pamoja ikisubiri kauli yake!

"Nilidhani Pruitt ananitania," akasema.

Pruitt alikuwa mkuu wa mabaharia, jitu la ndevu nyekundu lililokuwa likijifunza Kikiribati kwa Kourabi tangu waondoke Tarawa. Wakati ule alikuwa sitaha ya chini anateremsha mashua, mikono yote miwili kwenye kamba. Walipomuuliza alicheka. "Mimi? Ndugu yangu, mimi najua 'mauri' ya kusalimia na lile tusi la nazi. Hayo mengine nitayatoa wapi?"

Karani, binti mwepesi wa kalamu, alikuwa ameshaandika: saa nne kasoro dakika nane, ruhusa imetolewa. Na daftari la safari halifutwi. Nahodha akainua mabega. "Imeshatolewa, basi. Nendeni."

Walikwenda watu sita, Kourabi akiwa mmoja wao. Wakakagua leseni, wakapima nyavu, wakafungua majokofu yenye samaki walioganda kama magogo. Hawakuona kosa. Saa saba mchana mashua ikarudi, na kijana wa zamu pale ngazini akawa anawahesabu kwa kidole wanavyopanda, kama sheria inavyotaka. Alipofika mwisho akasema, "Saba."

"Sita, bwana," Pruitt akamwambia. "Njaa imekupanda machoni."

Kijana akahesabu tena, akapata sita, akacheka yeye mwenyewe. Lakini Kourabi hakucheka. Chini, kwenye sitaha ya chuma iliyokuwa ikichoma kwa jua, palikuwa na nyayo za maji, nyayo za mtu aliye pekupeku, zimeanzia ngazini zikanyooka hadi mlango wa ndani. Wote sita walikuwa wamevaa buti. Nyayo hazikukauka upesi kama maji yanavyokauka juu ya chuma cha moto. Zilibaki pale, zikiwa na ubaridi wa kuonekana. Na kutoka mlangoni ikaja harufu: chumvi ya jokofu la samaki, na juu yake moshi wa tumbaku iliyosokotwa kwenye jani la mkadi.

Melini hakuna aliyevuta tumbaku. Mtu aliyevuta ya namna ile, na Kourabi akamjua kwa harufu tu, alikuwa Toani, shemeji yake, mdogo wa mkewe. Na Toani alikuwa amekufa baharini miaka minne iliyopita.

Na alichoogopa Kourabi hakikuwa mfu peke yake.

Toani alikuwa mwangalizi, yaani yule mtu wa serikali anayekaa peke yake katika meli ya wavuvi wa kigeni miezi mizima, anaandika kila wanachovua. Kazi ya upweke, tena ya hatari, kwa sababu unaandika makosa ya watu unaolala nao nyumba moja. Mwaka ule Kourabi, akiwa kwenye doria kama hii, alipanda kukagua meli aliyokuwamo Toani. Kwenye ujia mwembamba, wageni wakiwa wametangulia, Toani alimshika mkono wa shati.

"Shemeji, nishushe," alimwambia kwa sauti ya chini. "Nimeandika habari za papa waliokatwa mapezi. Tangu juzi hawa watu hawaongei nami. Wananiangalia tu. Nishushe, nakuomba."

Sheria inasema mwangalizi hashuki katikati ya safari ila kwa barua ya ofisi. Lakini ukweli ni kwamba Kourabi angeweza kuipata barua hiyo kwa simu moja. Aliona haya. Aliona wageni watasema afisa wa Kiribati anawabeba jamaa zake. "Vumilia bwana," alimjibu. "Wiki tatu tu. Usiniaibishe mbele za watu."

Wiki tatu zikaisha, meli ikaingia bandarini bila Toani. Nahodha wake akasema kijana aliteleza usiku, hakuna aliyeona. Kourabi alilia na mkewe, Teretia, tena alilia machozi ya kweli. Lakini hakumwambia kwamba alimwona nduguye, wala kwamba aliombwa. Miaka minne alikula naye, akalala naye, wakapata mtoto, na neno hilo likiwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alijua siku Teretia atakapolijua, ndoa yao imekwisha na mtoto ataondoka na mama yake.

Alasiri ya siku ile ya nyayo alijilaza chumbani kwake, chini kabisa ya meli, apate kupumua. Taa ilikuwa inawaka. Akasikia ukuta wa chuma ukigongwa karibu na sikio lake mara tatu, taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi. Akatega sikio. Ukagongwa tena. Upande wa pili wa ukuta ule hapakuwa na chumba wala ujia, palikuwa na bahari.

Chakula cha jioni mpishi alinung'unika kwamba sahani zilizotoka ni hamsini na tisa na watu ni hamsini na nane. "Kuna mlafi humu anakula mara mbili," alisema, na watu wakamsingizia Pruitt, na Pruitt akakubali ili mzaha uendelee. Kourabi aliitazama ile sahani ya ziada mezani, pembeni. Mchele haukuguswa. Ulikuwa umelowa maji ya bahari, na maji yalikuwa yakiongezeka.

Kesho yake saa sita mchana, saa ile ambayo vivuli vinakimbilia chini ya nyayo za wenyewe na maji yanang'aa mpaka macho yanauma, Kourabi alishuka kwenye chumba cha mashua, ambacho upande mmoja kiko wazi kwa bahari, kumtafuta Pruitt, kwani hakuonekana tangu asubuhi. Meli ilikuwa inatembea polepole bila upepo. Alimsikia kabla ya kumwona, na alichokisikia kilimfanya ashike ukuta kwa mikono miwili, maana Pruitt, aliyejua maneno mawili tu, alikuwa akisema Kikiribati kinachotiririka, Kikiribati cha watu wa Betio chenye mikato yake na mizaha yake, anasimulia mambo ya mchezo wa karata na ya nguruwe wa jirani aliyezama kisimani, anacheka mahali pa kucheka, ananyamaza kama anayesikiliza majibu, kisha anaendelea, na sauti yenyewe haikuwa ya jitu la ndevu nyekundu bali ilikuwa nyembamba, changa, na kila baada ya maneno machache ilikatwa na mlio wa maji kooni, kama mtungi unapojazwa.

Akachungulia. Pruitt alikuwa amesimama juu ya ukingo, nje ya kamba za kuzuia watu, pekupeku, mgongo ukiielekea bahari. Nguo zimemlowa chapachapa. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumwona mtu.

"Shemeji," ile sauti ikasema kwa mdomo wa Pruitt. "Mbona unanikimbia tangu jana? Nabisha hodi huitikii."

Kourabi akasogea hatua moja. "Toani?"

"Kwani ulimwacha nani mwingine baharini?"

Kisigino kimoja cha Pruitt kikatoka kwenye chuma, kikaning'inia hewani.

"Mwachie huyo!" Kourabi alisema, na hakujua kama anapiga kelele au ananong'ona. "Mwachie, hana kosa. Kosa ni langu."

"Hilo nalijua. Mimi shida yangu ni ndogo, shemeji. Nataka kushuka. Siku ile nilikuomba unishushe ukaniambia wiki tatu. Hebu nihesabie, zimepita wiki ngapi?"

Kourabi akaanza kulia pale pale, mtu mzima mwenye nyota mabegani, kwa sababu maneno hayo hakuwahi kumwambia kiumbe, na kuyasikia yakisemwa mchana kweupe kulimuuma na kumpumzisha kwa wakati mmoja, kama jipu linapotumbuliwa. "Nisamehe," akasema.

"Nimesamehe. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na mtoto? Dada alikuwa na mimba nilipoondoka."

"Mzima. Wa kike. Ana miaka mitatu na nusu."

"Alaa, wa kike! Mnamwita nani?"

"Meere."

"Meere," ile sauti ikasema, ikalirudia jina taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. "Meere. Basi nipe ruhusa, shemeji. Wewe ndiye mwenye kutoa. Unaruhusu nishuke Betio?"

Na Kourabi, aliyewahi kuombwa neno hilo hilo na mtu aliye hai akamnyima, aliona kwamba Mungu amemrudishia nafasi. Hakufikiri mara mbili. "Naruhusu," akasema. "Shuka Betio, ndugu yangu. Nenda nyumbani."

Pruitt akaanguka kwa mbele, ndani ya kamba, akatapika maji ya chumvi ndoo nzima. Alikuwa hai. Alipozinduka alikumbuka kunywa kahawa asubuhi na hakukumbuka zaidi. Tabibu wa meli alimsikiliza mapafu, akakunja uso, na Lindqvist akaamuru waelekee Tarawa mgonjwa apelekwe hospitali.

Njiani Kourabi alipewa simu ya meli ampigie mkewe. Alikuwa ameshaamua. Toani atashuka, lakini mfu hawezi kukaa ndani ya nyumba na walio hai. Itabidi anyooshewe njia, apelekwe kaskazini kwa Nakaa, yule mlinzi wa lango la wafu. Na aliyejua kunyoosha njia ya marehemu pale Betio alikuwa Nei Akoia, yaani Bi Akoia, mama mkubwa wa Teretia, anayeuza donati nje ya geti la bandari. Kanisani hawasemi kama anajua, lakini kila mwenye msiba anajua nyumba yake.

"Kesho saa nne uje bandarini na mama mkubwa," alimwambia Teretia.

"Kuna nini? Mbona sauti yako hivyo? Umeumia?"

"Sijaumia. Njoo naye tu. Na Meere usije naye, mwache hapo jirani kwa Nei Tiroia."

"Kourabi, unanitisha."

"Mtoto abaki nyumbani," akasema. "Hilo ndilo kubwa."

Meli ikafunga gati saa nne juu ya alama. Watu wa forodha wakapanda, watu wa afya wakapanda, Pruitt akateremshwa kwa machela huku akiwapungia watu mkono. Kourabi alikuwa amesimama juu ya ngazi akisubiri makaratasi. Ikampita harufu, chumvi na moshi wa mkadi, ikateremka ngazi. Kijana wa zamu kule chini akajikunja ghafla na kujisugua mikono kama mtu aliyeingiwa na baridi, kisha akasogea pembeni, akapisha, ingawa mbele yake hapakuwa na mtu. Kwenye saruji ya gati nyayo za maji zikajichora moja baada ya moja. Kourabi alitaka kuzifuata, lakini afisa wa forodha alimshika: sahihi hapa, na hapa, na hapa tena. Ilimchukua nusu saa.

Teretia na Nei Akoia walikuwa nyuma ya meza ya donati. Nei Akoia alikuwa mwanamke mnene, mwenye meno matatu na maneno mengi. "Haya, mkubwa wa bahari," alimpokea. "Umetuita kama mahakama. Kula donati kwanza, uso umekushuka kama nguo iliyonyeshewa."

"Mama, nimemleta Toani," Kourabi akasema.

Teretia akaweka mkono kifuani. Nei Akoia akaacha kugeuza donati.

"Nimemleta, ameshuka. Nataka umnyooshee njia."

"Njia hainyooshwi juu ya uongo," Nei Akoia akasema polepole. "Nani alimwona mwisho? Sema yote. Mficha uchi hazai."

Akasema yote. Alisema akiwa amesimama, mikono nyuma kama mtoto wa shule, watu wakipita na makapu yao, na hakuacha neno: ule ujia, mkono wa shati, papa, wiki tatu, usiniaibishe. Alisema na yaliyotokea melini. Alipomaliza, mkewe alimuuliza kwa sauti ndogo sana.

"Alikushika nguo?"

"Alinishika."

"Akakuita shemeji."

"Ndiyo."

"Nawe ukaja kulala kitandani kwangu miaka minne." Teretia akavua kitambaa alichojifunga kichwani, akakifumba mkononi. "Mama yangu amekufa akiuliza kila siku kama mwanawe aliogopa. Ulikuwa unamshika mkono na kumwambia hapana, hakuogopa. Ulijuaje, Kourabi? Nilidhani unamfariji. Wewe ulikuwa unajua!"

Alichokuwa akikihofu Kourabi kwa miaka minne kilikuwa kimefika, na kilikuwa kibaya kama alivyokihofu. Akamgeukia Nei Akoia. Alitaka angalau lile moja lifanyike, Toani apumzike, ili asiwe amepoteza yote bure.

Nei Akoia alikuwa amezima jiko. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Toani nilimnyooshea njia mimi," akasema.

"Lini?"

"Mwezi ule ule alipopotea. Siku zile mama yenu bado alikuwa anakataa, alisema mwanangu yu hai, akatukataza hata kumlilia. Basi nikaenda peke yangu kwenye mwamba, siku tatu, sikumwambia mtu. Na alipita. Nilimwona kwa macho yangu, tumbaku yake mdomoni, anakwenda kaskazini wala hakugeuka nyuma. Aliyeingia kwa Nakaa harudi, Kourabi. Hata akitaka."

Kelele za bandari zilikuwa zikiendelea, winchi na magari na watu wanaoitana, lakini Kourabi alizisikia kama zinatoka kisiwa kingine. "Alijua kila kitu," akasema. "Alijua wiki tatu. Sikuwahi kumwambia mtu hata mmoja!"

"Hukumwambia mtu. Ulikuwa unajisemea mwenyewe kila doria, mwaka wa nne huu, juu ya maji yale yale. Ulidhani nani alikuwa anakusikiliza huko chini?"

Teretia aliinua kichwa. "Umesema alikuuliza jina la mtoto."

"Aliuliza mnamwita nani. Nikamwambia."

"Jina la Meere alilitoa Toani. Aliniambia hapa hapa gatini siku anaondoka: akiwa wa kike mwite Meere, nami nikakueleza siku ile ile, ukasahau." Kitambaa kikamwanguka mkononi. "Ndugu yangu angeulizaje?"

Hakuna aliyesubiri mwingine ajibu. Walikimbia. Betio si mahali pa kupigia mbio, nyumba zimebanana na mbwa wamelala njiani, lakini walikimbia, Teretia mbele, Kourabi na buti zake nzito nyuma yake, na Nei Akoia mwisho akihema na kutaja majina ya marehemu wote aliowahi kuwasindikiza, akiwaomba wasimame mlangoni, wazuie, kama walau mmoja wao bado anasikia.

Nei Tiroia, jirani yao, alikuwa uani kwake anaanua nguo, ametulia kabisa.

"Mtoto yuko wapi?" Teretia akamuuliza.

"Si yuko kwenu, na mjomba wake! Mbona hamkuniambia amepatikana? Mimi nimemjua mara moja, ni yule yule wa kwenye picha yenu pale nguzoni. Maskini, amekonda, na nguo zake zimelowa. Nikampa taulo." Akawatazama mmoja mmoja. "Kwani vipi?"

Nyumba yao ilikuwa ya jukwaa, imeinuliwa kwa nguzo, bila kuta, mikeka imekunjwa juu ili upepo upite. Kila kitu kilionekana kutoka uani. Meere alikuwa ameketi katikati ya jamvi peke yake, amekunja miguu vizuri, mzima, anatabasamu. Taulo la Nei Tiroia lilikuwa kando yake, linachuruzika maji. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Meere!" Kourabi akaita. "Njoo kwa baba."

Mtoto akageuza uso, na Nei Akoia akaguna kama aliyepigwa tumboni.

Kwetu, mtu anapofikishwa kisiwa kigeni kwa mara ya kwanza, mwenyeji wake huchota mchanga wa ufukweni akampaka mashavu yote mawili, ili wenye kisiwa, wale wasioonekana, wajue kwamba huyu ni wao na wampokee. Mashavu ya Meere yalikuwa yamepakwa mchanga, duara mbili safi, zilizopakwa na mkono uliotulia usio na haraka. Mchanga wa visiwa vyetu vyote ni mweupe. Ule ulikuwa mweusi, laini kama masizi, na ulikuwa unatoa ubaridi ambao Kourabi aliusikia usoni mwake hatua nne kabla hajafika.

"Mjomba yuko wapi, mwanangu?" Nei Akoia akauliza.

"Ametangulia," Meere akasema. "Kaenda kunitandikia. Kasema huko kwao chini sasa wananijua."

Teretia alikuwa ameshapanda jukwaani. Akampakata, akashika upindo wa nguo yake, akaanza kumfuta shavu la kulia. Mchanga ukatoka, ngozi ikaonekana, kisha ukajitokeza tena kutoka ndani, ukiwa umelowa. Akafuta tena. Akatemea mate, akafuta kwa nguvu mpaka mtoto akasema, "Mama, unaniumiza," na shavu likajaa tena. Kourabi akapanda, akanyoosha mkono kumsaidia.

"Usimguse," Teretia alisema bila kumtazama. "Wewe umeshamtoa kwa jina lake."

Mkono wake ukabaki hewani. Nei Akoia alikuwa amepiga magoti uani, anachimba kwa vidole vyake mchanga mweupe, anauleta viganja viwili viwili, na Teretia anaupokea na kumpaka mtoto juu ya ule mweusi, tena na tena, huku wakimwambia Meere jina la kisiwa chake alirudie. Meere alilirudia kwa utiifu. Nyuma ya nyumba, maji yalikuwa yanajaa.